Kabla Hujachora Mfereji

Kila mwaka huwa nawapa wanafunzi wangu wa jiografia ya uchukuzi zoezi lile lile: buni nchi isiyo na bahari lakini yenye ziwa kubwa, chora ramani yake, kisha nieleze inakula nini, inauza nini na inagombana na nani. Majina huwa matamu, bendera zinapakwa rangi vizuri, na rais hupewa hadi kofia. Na karibu kila ramani ina mstari wa biro ya bluu, umepigwa kwa rula, kutoka ziwani moja kwa moja hadi ukingo wa karatasi. Pembeni pameandikwa "mfereji". Nchi imepata bahari, zoezi limekwisha.

Ningenyamaza kama ungekuwa ugonjwa wa wanafunzi tu. Lakini juzi msibani shemeji yangu, mtu mzima aliyeendesha semi kati ya Dar es Salaam na Lilongwe kwa miaka, kanifuata na sahani ya wali mkononi: "Mwalimu, hivi hawa Wamalawi na ziwa lote lile, si wachimbe mfereji wapite zao?" Shemeji, nilikujibu harusini, nikakujibu Idi. Sasa naandika.

Uso wa Ziwa Nyasa, au Ziwa Malawi kama wanavyoliita ng'ambo, uko takriban mita 474 juu ya usawa wa bahari. (Kabla hujaniuliza mpaka unapita wapi: hiyo ni kesi nyingine na leo siiamui.) Tena maji hayo yana njia yao tayari. Mto Shire unatoka kusini mwa ziwa, unaingia Zambezi, na Zambezi inaingia Bahari ya Hindi. Mfereji mnaoutaka Mungu alishauchimba. Ila katikati ya safari Shire unaporomoka karibu mita 380 ndani ya kilomita 80 hivi, poromoko baada ya poromoko, hadi Kapichira. Meli haishuki ngazi.

David Livingstone alikwama hapo hapo mwaka 1859. Boti yake ya mvuke ilipanda Shire vizuri tu mpaka ilipokutana na maporomoko. Ziwa akalifikia kwa miguu. Hakukoma. Akaagiza boti nyingine, Lady Nyassa, kwa fedha zake mwenyewe, akiwa na mpango wa kuifungua vipande na kuipitisha nchi kavu. Haikuligusa ziwa hata siku moja. Aliirudisha pwani, na mwaka 1864 akaiongoza mwenyewe kutoka Unguja hadi Bombay akatafute mnunuzi. Boti ya mvuke iliyokuja kuelea ziwani ni Ilala, mwaka 1875, na ilifikaje? Kwa vichwa na mabega ya mamia ya wapagazi, bamba kwa bamba, kuyazunguka maporomoko yale yale. Ilala ya sasa, ya mwaka 1951, nayo ilitengenezwa Uskoti ikasafirishwa vipande vipande kuja kuungwa ziwani. Meli za ziwa hili zimeingia kama mizigo. Hakuna iliyopanda mto kutoka baharini.

"Lakini Panama wameweza." Panama wanapandisha meli mita 26, kisha wanaishusha. Ishirini na sita. Kila meli inayopita inamwaga baharini takriban lita milioni 200 za maji baridi, na ukame wa 2023 ulipopunguza maji ya ziwa lao walilazimika kupunguza idadi ya meli. Sasa fanya hesabu ya ngazi ya mita mia nne na kitu, kwenye mto ambao kati ya 1915 na 1935 hivi haukuwa ukipata maji kutoka ziwani, kwa sababu ziwa lilishuka na mdomo wake ukaziba. Isitoshe, maporomoko hayo ndiyo yanayoiwashia Malawi taa: Nkula, Tedzani, Kapichira. Dhoruba Ana ilipoibomoa sehemu ya bwawa la Kapichira Januari 2022, nchi iliingia gizani. Nawe unataka maji hayo uyape meli.

"Na Uswisi je?" Hili hulipenda wanaojua kidogo. Meli za mto Rhine zinafika Basel, kweli. Basel haina ziwa. Ziwa lenyewe, Konstanz, liko juu zaidi, na katikati kuna poromoko la mita 23 pale Schaffhausen. Mita 23 tu, na Waswisi, pamoja na benki zao zote, hawajapitisha meli ya mizigo.

Ushabiki huu wa mfereji una gharama. Oktoba 2010 Rais Bingu wa Mutharika alifungua bandari Nsanje, kusini kabisa mwa Malawi, marais wa Zimbabwe na Zambia wakiwa wageni. Gati lilikuwepo na hotuba zilikuwepo. Tishari lililosubiriwa halikufika: lilizuiwa Msumbiji, ambako mto unapita kwenda baharini, na Msumbiji wakataka kuona kwanza tathmini ya mazingira. Walikuwa na haki. Na hata lingefika, Nsanje iko chini ya maporomoko. Mzigo wa ziwani ungeteremshwa, upakiwe kwenye lori, uteremke mlima, ndipo upakiwe tena.

Kinachoitesa nchi ya namna hii shemeji anakijua kuliko mimi. Hajakipa jina tu. Alikuwa akipanda na mbolea, anarudi na turubai limekunjwa. Malawi inanunua kuliko inavyouza, na tumbaku yake ina msimu. Lori linaloshuka tupu limeshalipiwa na mwenye mbolea. Ongeza siku za kulala mpakani Kasumulu, karatasi moja ikiwa na mhuri uliofifia. Ongeza siasa: miaka ya 1980 vita vya Msumbiji vilikata reli za kwenda bandari za Beira na Nacala, mizigo ikazungukia Afrika Kusini. Aprili 2025 ilikuwa zamu yetu: Malawi ilikuwa imezuia unga na mchele kutoka nje, Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao yao, na baada ya siku chache mambo yakalegezwa. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unampa asiye na pwani haki ya kupita, lakini masharti ya kupita anakubaliana na mwenye njia. Mfereji nao ungepita kwa mwenye njia.

Basi fanyeni haya, haraka haraka maana nafasi imeisha. Reli ya Nacala ipewe mizigo, isiwe ya makaa ya mawe tu. Njia zisipungue mbili, ili jirani mmoja akinuna mwingine yupo. Mzigo wa Dar upande kwa reli ya TAZARA hadi Mbeya, malori yabaki na kipande kilichosalia. Ukaguzi mpakani ufanyike mara moja, chini ya paa moja. Soya, sukari na chai vipangiwe malori yanayorudi. Na ziwa litumike kwa kazi linayoiweza, kuvusha: Mbamba Bay kwetu hadi Nkhata Bay kwao, turubai la shemeji likiwa limefungwa juu ya kitu.