Aintree na Mizani ya Farasi

Karibu na mji wa Liverpool, kaskazini mwa Uingereza, upo uwanja wa Aintree, ambako tangu mwaka 1839 hukimbizwa mbio za Grand National, mashuhuri kuliko zote za kuruka viunzi. Farasi huzunguka uwanja mara mbili, masafa yapatayo kilomita 7, wakiruka viunzi 30, na katika hivyo hakuna kilichohofiwa kama Becher's Brook, kilichoitwa hivyo kwa sababu ya Kapteni Martin Becher, ambaye katika mbio zile za 1839 alitupwa na farasi wake akaangukia kijitoni, akajibanza humo hata wenzake wakapita. Upande wa kutua ulikuwa chini mno kuliko ule wa kurukia, na farasi wengi walivunjika hapo. Walipokufa wawili mwaka 1989, ardhi ikainuliwa, na tangu 2024 hawaruhusiwi kushindana zaidi ya farasi 34. Hatua hizo ni za haki, na zilichelewa.

Lakini kwa rai yangu, roho ya mbio hizi haimo katika viunzi, bali katika mizani. Farasi aliye hodari hubebeshwa uzito mkubwa, na aliye dhaifu hupunguziwa. Vipande vya risasi hutiwa katika mifuko ya tandiko, na mpandaji hupimwa pamoja na tandiko lake kabla ya mbio na baada yake, pasipatikane mwanya wa hila. Makusudi yake ni kila mnyama awe na tamaa ya kushinda. Ila insafu hiyo ina ukali wake, na aliyeuonja zaidi ni Crisp, farasi wa Australia.

Mwaka 1973 Crisp alibeba kilo 76, ilhali mpinzani wake, Red Rum, alibeba pungufu ya hizo kwa kilo zipatazo 10. Akaongoza, akawaacha wenzake mbali sana, hata alipokwisha kuruka kiunzi cha mwisho nguvu zikamwishia. Mpandaji wake, Richard Pitman, alipoinua kiboko kwa mkono wa kulia, mnyama akaenda mrama kushoto, na Red Rum, akijongea hatua kwa hatua, akampita mwishoni kabisa kwa robo tatu tu ya urefu wa farasi, kwa dakika 9 na sekunde 1.9, muda ambao haujapata kufikiwa kabla ya siku ile.

Wako wasemao kwamba Red Rum alibebwa na wepesi wa mzigo. Lakini farasi huyo alikuwa na maradhi ya mfupa wa ukwato, na mlezi wake, Ginger McCain, aliyekuwa muuza magari, alimzoeza kwa kumkimbiza juu ya mchanga wa pwani ya Southport na kumtembeza katika maji ya bahari. Mwaka 1974 mizani ikamgeukia yeye, akatwikwa kilo zile zile 76 zilizomlemea Crisp, akashinda. Akashinda tena 1977, akawa farasi wa pekee aliyeipata Grand National mara tatu.