Kiingereza Chuoni, Kazi Mkononi

(Muziki wa kipindi unashuka taratibu.)

Leo tunazungumza nawe unayesoma Kiingereza chuoni na kujiuliza, "Nikimaliza, nitafanya kazi gani?"

Kwanza, Kiingereza peke yake si kazi. Ni kama jembe: mwajiri atataka kujua unalima nini nalo. Kwa hiyo chagua fani mapema, iwe ualimu, ukalimani au kazi ya ofisi. Usisubiri siku ya kupewa cheti.

Tuchukue mfano wa ukalimani. Mama anayejua Kiswahili tu ameleta mtoto kwa daktari anayetumia Kiingereza. Daktari anasema dawa itolewe mara 2 kwa siku. Mkalimani akisema kila baada ya siku 2, mtoto yuko hatarini. Ndiyo maana kazi hii ina kanuni zake. Mgonjwa akisema "ninaumwa", nawe sema "ninaumwa", si "anasema anaumwa". Usiongeze wala usipunguze. Usipoelewa, omba kurudiwa. Na siri ya mgonjwa usitoke nayo nje.

Ujuzi huo utaupataje ukiwa bado mwanafunzi? Weka daftari la maneno ya fani yako, na kila siku andika machache: chanjo, kipimo, ujauzito. Jizoeze na mwenzako, mmoja awe daktari, mwingine mgonjwa. Kisha omba kujitolea saa chache kwa wiki shuleni, kituo cha afya au ofisi ya shirika. Ukimaliza, omba barua inayotaja kazi uliyofanya na tarehe zake. Ipige picha na uitunze kwenye barua pepe yako, maana karatasi huungua na hulowa.

Usikimbilie mitihani ya kulipia. Matokeo ya IELTS, kwa mfano, kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka 2 tu. Ufanye pale chuo au mwajiri anapoyahitaji.

Ujue pia sheria ya nchi uliyomo. Uganda, sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Kila nchi ina utaratibu wake, hivyo uliza kwa watoa msaada wa kisheria kambini kabla ya kusaini mkataba.

Na kama unataka kuendelea na shahada, uliza kuhusu ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 chini ya UNHCR. Huduma za UNHCR ni bure. Anayekudai pesa ili akupatie nafasi ni tapeli, usimlipe, toa taarifa.

Sasa zungumzeni kikundini: hapa mlipo, ni nani anayehitaji Kiingereza chako leo?

 

(Muziki unapanda.)