Betri Isihukumiwe Kabla ya Dainamo Kupimwa

Gari la zamani likishindwa kuwaka asubuhi, lawama ya kwanza huiangukia betri. Mwenye gari hununua betri mpya, na baada ya siku chache tatizo hurudi lile lile. Makala haya yanakusudia kueleza sababu, na namna ya kulitafuta kosa kwa mita ya volti. Mfano wetu ni Land Rover Series IIA, iliyotengenezwa Uingereza kati ya 1961 na 1971. Nyingi kati yake zilifungwa dainamo, si altaneta kama magari ya leo.

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kuwa waya unaosogezwa karibu na sumaku huzalisha umeme. Dainamo hutumia kanuni hiyo, lakini haina sumaku ya kudumu. Chuma chake hubakiza usumaku kidogo tu. Injini inapoizungusha, usumaku huo huzalisha umeme hafifu. Umeme huo hupita katika koili na kuuongeza usumaku. Usumaku nao huongeza umeme. Werner Siemens aliitangaza kanuni hii mjini Berlin mwaka 1867.

Umeme huo hupitia kisanduku cha kudhibiti chaji, chenye kazi mbili: kuzuia volti zisizidi kiasi, na kukata njia injini inapozunguka polepole au kusimama, ili betri isiumwage umeme wake ndani ya dainamo.

Uchunguzi na ufuate utaratibu huu:

Kwanza, pima betri baada ya gari kupumzika kwa saa kadhaa. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.0 au chini, imepungukiwa sana. Kisha washa injini na uongeze mwendo wake kiasi. Volti zinapaswa kupanda hadi baina ya 13.5 na 14.5. Zisipopanda, chaji haifiki. Zikipita 15, kisanduku kinaruhusu mno, na maji ya betri yatakauka.

Pili, zima injini, kisha kagua yaliyo mepesi: mkanda wa feni uliolegea, vichwa vya betri vyenye kutu, na waya unaounganisha betri na mwili wa gari.

Tatu, pima dainamo peke yake. Ondoa nyaya zake mbili, D na F, kisha uziunganishe nguzo hizo mbili kwa waya mfupi. Weka mita kati yake na mwili wa gari, uwashe injini, na uongeze mwendo polepole. Mshale ukipanda bila kusitasita hadi karibu volti 20, acha hapo. Dainamo ni nzima, na kosa liko katika nyaya au kisanduku. Ukibaki kati ya nusu volti na volti 1, yashuku koili za sumaku. Usiposogea kabisa, tazama kaboni: huenda zimekwisha au zimekwama.

Yawezekana pia kuwa usumaku uliobaki umepotea, hasa kwa gari lililolala muda mrefu. Injini ikiwa imezimwa na waya wa F ukiwa umeondolewa, chukua waya kutoka nguzo ya betri isiyofungwa kwenye mwili wa gari, uguse nguzo ya F kwa kitambo kidogo tu. Cheche itokee penye dainamo, kamwe si penye betri, kwa maana betri hutoa hidrojeni inayoweza kulipuka. Vipimo hivi vya D na F visifanywe kwa altaneta; vitaiharibu.

Na ile taa nyekundu ya dashibodi? Imeunganishwa kati ya dainamo na betri, nayo huzimika volti za pande zote mbili zinapolingana. Kuzimika kwake hakuthibitishi kwamba chaji inatosha.

Ndugu msomaji, betri inayokaa bila chaji hujenga salfeti ya risasi katika sahani zake, na salfeti hiyo ikiganda, betri haiponi tena. Ndiyo maana betri mpya ndani ya gari lenye dainamo mbovu hufa kama ile ya kwanza, na fedha zikapotea mara mbili. Isitoshe, kila betri inayotupwa kabla ya wakati wake ni risasi yenye sumu inayohitaji mahali pa kwenda. Kupima kwanza ni nafuu kwa mfuko na kwa afya ya jirani.