Fundi Asishike Hati ya Nyumba

Ndugu msikilizaji, zamani mfanyabiashara aliyetaka kujulikana alichora kibao, akakitundika juu ya mlango, basi. Siku hizi kibao peke yake hakitoshi. Mgeni aliyeko Mwanza, Nairobi au Berlin, akitaka kulala Pangani, huanza kwa kuitafuta nyumba ya wageni katika simu yake. Asipoiona, kwake haipo. Ndiyo maana shule, hoteli ndogo, vyama vya ushirika na hata zahanati zinatafuta kampuni za kuzitengenezea tovuti.

Mafundi wa kazi hiyo ni wengi, na wazuri wapo. Lakini anayewaajiri mara nyingi haijui kazi yenyewe, kwa hiyo hutazama mambo mawili tu: bei, na uzuri wa rangi. Juma hili nataka tutazame jambo la tatu, ambalo ni kubwa kuliko hayo mawili. Kazi ikiisha na fedha ikilipwa, ni nani mwenye mali?

Ili swali hilo lieleweke, yatupasa kwanza kujua kinachonunuliwa. Tovuti huuzwa kama kitu kimoja, lakini ndani yake mna vitu vitatu. Cha kwanza ni jina, kwa lugha ya mafundi domeini, yaani yale maneno yanayoishia na .co.tz, .co.ke au .com. Cha pili ni nafasi katika seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana ili kurasa zako zionekane. Cha tatu ni kurasa zenyewe: maandishi, picha na programu inayoziendesha. Tukifananisha na ujenzi, jina ni hati, seva ni kiwanja cha kupanga, na kurasa ni nyumba. Nyumba ikibomoka utajenga nyingine. Kiwanja cha kupanga waweza kukihama. Bali hati ikiwa mikononi mwa mtu mwingine, huna chochote.

Basi hapo ndipo wengi wanapoumia. Jina la tovuti haliuzwi moja kwa moja; hukodiwa kwa mwaka au miaka kadhaa, kupitia wasajili walioidhinishwa. Katika kulisajili huandikwa mwenyewe ni nani, na anwani yake ya barua pepe ni ipi. Kwa kuwa mteja hajui, au hana kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, fundi hulisajili kwa jina lake yeye na kwa barua pepe yake yeye. Si lazima awe mwizi. Pengine anataka kurahisisha kazi tu. Lakini kwa msajili, mwenye jina ni yule aliyeandikwa.

Tuseme miaka miwili imepita. Fundi amehamia nchi nyingine, au amebadili namba ya simu, au amefariki dunia, au mmegombana juu ya malipo. Barua ya kukumbusha ada inakwenda kwake, wewe huipati. Kwa majina yanayoishia na .com, utaratibu wa kawaida ni huu: ada isipolipwa, msajili aweza kulishikilia jina hadi siku 45, akilifuta, zipo siku nyingine 30 za kulikomboa, na hapo hutozwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za mwisho, halafu jina huwa huru kwa yeyote. Majina ya .tz na .ke yana taratibu zake, ila mwisho wake ni ule ule.

Na hasara haiishii kwenye kurasa. Ikiwa barua pepe za biashara yako zinatumia jina hilo hilo, nazo husimama siku hiyo hiyo. Mtu mwingine akilichukua jina, ana uwezo wa kufungua anwani zile zile ulizokuwa ukizitumia. Mgeni aliyezoea kukuandikia akiulizia chumba na mahali pa kutuma malipo ya awali, atajibiwa na mtu asiyemjua, naye atadhani ni wewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe ndilo limeandikwa jina la mwingine.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla ya kuzungumza juu ya rangi na picha, muulize fundi swali moja tu: "Nikitaka kuhama kesho, nitaondoka na nini?" Kampuni njema itajibu bila kusita. Itakuambia kwamba jina litasajiliwa kwa jina la biashara yako na barua pepe yako. Kwamba utapewa neno la siri la akaunti ya msajili na la seva. Na kwamba utakabidhiwa nakala kamili ya kurasa na kumbukumbu zake. Akianza kuzungukazunguka, au akisema mambo hayo ni ya kitaalamu mno kwako, mshukuru, uondoke.

Tahadhari moja hapo. Barua pepe utakayosajilia jina isiwe ile inayotegemea jina hilo hilo, kwa maana jina likizimika, nayo huzimika, na ufunguo utakuwa umefungiwa ndani ya nyumba. Isiwe pia ya karani mmoja ambaye mwakani huenda akaacha kazi. Fungua anwani ya pembeni, na maneno ya siri yahifadhiwe mahali panapojulikana na watu wawili unaowaamini.

Jambo la pili ni kupima kazi zao za nyuma. Usitosheke na picha wanazokuonyesha ofisini kwao. Omba anwani za tovuti tatu walizotengeneza zaidi ya mwaka mmoja uliopita, uzifungue mwenyewe. Je, bado zipo? Habari zake ni za sasa? Zifungue kwa simu ya bei ya kawaida, kwa bando, mahali mtandao si wa kasi, maana ndivyo wateja wako watakavyozifungua. Picha moja iliyopigwa kwa simu yaweza kuwa na megabaiti 4 au 5. Fundi mvivu huipandisha hivyo hivyo, na ukurasa wenye picha kumi ukamla mteja megabaiti 40 au 50 za bando lake. Fundi mjuzi huipunguza uzito kwanza, na jicho lisitambue tofauti. Kisha wapigie simu wenye tovuti hizo, uwaulize kama fundi hupokea simu baada ya kulipwa.

Tatu ni bei. Omba mchanganuo, usikubali jumla peke yake. Ada ya jina iandikwe pekee, ya seva pekee, ya kazi pekee, na ionyeshwe ni ipi ya mara moja na ipi ya kila mwaka. Vipo vitu visivyo na ada. Programu ya WordPress, inayoendesha tovuti nyingi sana duniani, imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 2003. Cheti cha usalama, kinachofanya anwani ianze na https, chaweza kupatikana bure kwa Let's Encrypt tangu mwaka 2015. Fundi ana haki ya kulipwa kwa kuviweka na kuvitunza, kwani hiyo ni kazi. Lakini akikuandikia kwamba amevinunua, mwombe risiti.

Vivyo hivyo jihadhari na anayekuahidi kwamba utakuwa wa kwanza katika Google. Google wenyewe wanasema hakuna awezaye kuhakikisha jambo hilo.

Nne ni mkataba, hata uwe wa ukurasa mmoja. Uandikwe idadi ya kurasa, tarehe ya kumaliza, mara ngapi utaruhusiwa kuomba marekebisho, nani atalipia jina na seva kila mwaka, na kwamba kazi ikilipwa yote ni mali yako. Malipo yagawanywe mafungu: moja la kuanzia, moja kazi ikionekana, na la mwisho siku ya kukabidhiwa funguo. Siku hiyo usitie saini kabla hujaingia mwenyewe katika akaunti na kubadili maneno ya siri.

Tena, kama tovuti itakusanya majina, namba za simu au za pasipoti za wateja, kumbuka kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya inayo ya mwaka 2019. Usidhani kwamba kwa kuwa fundi ndiye aliyetengeneza fomu, wajibu wote ni wake. Muulize taarifa hizo zitakaa wapi, na nani ataziona.

Haki, hata hivyo, ina pande mbili. Mafundi nao wana malalamiko. Wapo wateja wanaochelewesha picha na maandishi miezi mitatu, kisha wanauliza mbona kazi haiishi. Wapo wanaobadili mawazo kila Jumatatu, na wapo wanaopokea kazi wakayeyuka na fungu la mwisho. Mkataba na mafungu ya malipo humlinda fundi kama unavyomlinda mteja, na fundi mwaminifu ndiye wa kwanza kuutaka.

Kama tayari unayo tovuti, usingoje ugomvi. Leo hii mpigie aliyekutengenezea, umwulize jina limesajiliwa kwa nani na ada inaisha tarehe ngapi. Ikiwa ni kwa jina lake, mwombe alihamishe wakati mngali mnasalimiana vizuri. Ni shughuli ndogo, msikilizaji, maadamu yupo na anapokea simu.

Kwaherini, hadi juma lijalo.