Maji ya Moto na Maji Baridi: Faida Zake na Hadhari Zake

Mtu akiteguka mguu shambani, mara nyingi jambo la kwanza litajwalo nyumbani ni kukandwa kwa maji ya moto. Desturi hii ni njema kwa wakati wake, bali si kila wakati. Basi yafaa tueleze jinsi maji ya moto na maji baridi yafanyavyo kazi mwilini, na namna ya kuyatumia kwa zamu.

Joto hupanua mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi. Damu hupita kwa wingi, na nyama zilizokaza hulegea. Baridi hufanya kinyume chake: mishipa hujibana, na maumivu hutulia.

Katika nchi ya Ujerumani, tiba ya maji ilipata sifa kubwa kwa ajili ya Sebastian Kneipp, mwana wa mfuma nguo, aliyezaliwa mwaka 1821. Alipokuwa mwanafunzi aliugua mapafu, akawa akioga maji baridi ya mto Danube, akapona. Alipata upadre mwaka 1852, na baadaye wagonjwa wengi walimwendea Wörishofen. Kitabu chake juu ya tiba hiyo kilitoka mwaka 1886. Lakini kupona kwake si hoja ya kwamba maji huponya kifua kikuu. Ugonjwa huo huponywa kwa dawa za hospitali, nazo sharti zimalizwe.

Njia ya zamu ni hii. Twaa mabeseni mawili, moja la maji ya moto kadiri ya digrii 38 hata 40, la pili la maji baridi ya mtungini. Pima ya moto kwa kiwiko kwanza. Yakichoma, ni makali mno. Tia mguu katika ya moto dakika 3, kisha katika ya baridi dakika 1. Rudia mara 4, ukimaliza kwa baridi, halafu ukaushe vema.

Wataalamu waliowapima wanamichezo wameona kwamba njia hii hupunguza maumivu ya nyama baada ya kazi nzito kuliko kupumzika tu. Lakini haikuthibitika kuwa yapita maji baridi peke yake.

Sasa hadhari. Siku 2 za kwanza baada ya kuteguka, usitumie moto, maana huzidisha uvimbe. Tumia baridi tu. Mwenye kidonda asitie mguu majini. Mwenye ukoma au kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asijaribu kabisa, kwa sababu ataungua asijue. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize mganga wa hospitali kwanza. Na mtu asiyeweza kukanyaga chini huenda amevunjika mfupa: huyo asikandwe wala asichuliwe, bali apelekwe hospitali siku ile ile.

Walimu na wazee wa vijiji, tafadhalini wasomeeni haya wasiojua kusoma.