Je, ni haki kuwahukumu wakoloni kwa vipimo vya leo?

NOVEMBA 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama mjini Songea na kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wananchi wakati wa Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Inakadiriwa kuwa vita hivyo viliua watu wanaofikia 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala ya chakula kuteketezwa.

Kila inapotolewa kauli kama hiyo, husikika pia sauti ya kuipinga. Wapo wanaosema kuwa si haki kuwahukumu watu wa kale kwa maadili ya leo. Kwa maoni yao, ukoloni na utumwa vilikuwa mambo ya kawaida katika zama zile, na waliovitenda hawakujua kuwa ni uovu.

Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Mwanahistoria anayetaka kuelewa kwa nini watu walitenda walivyotenda, hana budi kwanza kuyajua mazingira yao. Hata hivyo, kueleza sababu ya kosa ni jambo moja, na kulisamehe kosa lenyewe ni jambo jingine.

Tuchukue mfano wa Carl Peters, Mjerumani aliyezunguka Usagara, Nguru, Useguha na Ukami mwishoni mwa mwaka 1884 akikusanya mikataba ya kujitwalia ardhi. Akiwa kamishna katika eneo la Kilimanjaro, aliamuru mtumishi wake Mabruk anyongwe mwaka 1891. Muda mfupi baadaye, mwanamke aliyeitwa Jagodja naye alinyongwa kwa amri yake, baada ya kutoroka na kurudishwa.

Ni nani aliyemshitaki Peters? Si wanaharakati wa karne ya 21. Mwaka 1896, mbunge August Bebel aliuanika unyama huo ndani ya Bunge la Ujerumani, na mwaka uliofuata Peters alifukuzwa katika utumishi wa serikali. Baadaye Kaisari Wilhelm II alimrudishia cheo, na utawala wa Hitler ukamtukuza kama shujaa. Kwa hiyo walioishi naye walikuwa wamekwisha kumhukumu. Waliokuja nyuma yao ndio waliomsafisha.

Suala la utumwa nalo halitofautiani na hilo. Uingereza ilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mengi mwaka 1833, lakini fidia ya pauni milioni 20 ililipwa kwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa chochote. Hapa kwetu, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Juni 1873.

Januari 1889, Bunge la Ujerumani liliidhinisha fedha za kuja kumpiga Abushiri na wenzake wa pwani, na sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Maana yake ni kwamba walijua kuwa biashara hiyo ni dhambi. Pamoja na hayo, utumwa uliendelea kutambuliwa kisheria katika koloni lao, na haukufutwa Tanganyika hadi mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Tena, tunaposema kuwa "watu wa zama zile" waliuona utumwa kuwa jambo la kawaida, tunamaanisha watu gani? Mtumwa naye alikuwa mtu wa zama zile. Waliotoroka mashamba ya pwani ya Kenya na kujenga makazi yao, kama vile Fuladoyo, hawakusubiri maadili ya leo ndipo watambue kuwa wanadhulumiwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Haki inatudai pia tutumie kipimo kimoja kwa wote. Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, alikuwa Mswahili mwenzetu, na misafara yake ilichukua pembe za ndovu na watu pia. Machifu wa bara waliouza mateka nao wamo. Tukimlaani Mzungu na kuwanyamazia hao, hukumu yetu itakuwa kisasi tu.

Lakini hukumu ya historia haimfungi marehemu jela. Kazi yake ni kuamua nani anadaiwa nini leo. Nduna Songea Mbano alinyongwa Februari 1906, na ukoo wake unaamini kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Wajukuu zake wangali wanakitafuta ili wakizike. Kwa wajukuu hao, kusema kuwa "zama zile zilikuwa hivyo" si jibu, kwani wanachokidai ni mabaki ya babu yao.