Kwenu ni Wapi? Swali la Asili katika Utafiti wa Uhamaji

Makala haya yanahusu swali moja ambalo hojaji nyingi za uhamaji huanza nalo: kwenu ni wapi? Wanafunzi wetu huliweka juu kabisa ya karatasi, pamoja na umri na kazi, kana kwamba ni jambo jepesi la kumfungulia mhojiwa mdomo. Tunakusudia kuonyesha kwamba katika miji ya Katanga swali hilo si jepesi hata kidogo, na kwamba namna ya kuliuliza ni suala la mbinu na la maadili kwa wakati mmoja.

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, na wengi wa waliofanya kazi ya kuijenga walitoka mbali. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilitafuta wafanyakazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na pia Rwanda na Urundi, Lomami na Kasai. Aliyeandikwa kazi aliulizwa kijiji chake, chifu wake na kabila lake, na majibu hayo yakabaki katika karatasi zilizomfuata. Swali la asili, basi, lilikuwa kwanza swali la mwajiri na la serikali. Watoto wa wafanyakazi hao walizaliwa kambini, wakala posho ya kampuni, wakaoa na kuolewa papo hapo, na kwa wengi wao Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani.

Ikaja miaka ya 1992 na 1993. Katika jimbo hilo, lililoitwa Shaba wakati ule, watu waliohesabiwa kuwa Wakasai walifukuzwa makazini na majumbani mwao, hasa Likasi na Kolwezi. Mamia ya maelfu waliondoka. Wengi walingoja treni kwenye vituo kwa majuma na miezi, na wako waliofia huko huko au njiani. Miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuwa wameiona Kasai hata siku moja. Sisi wa taaluma ya Kiswahili hatuna budi kukumbuka kwamba tusi walilotupiwa, bilulu, yaani wadudu, lilitamkwa katika Kiswahili cha miji yetu. Aliyetaka kujua nani afukuzwe na nani abaki aliuliza lile lile: kwenu ni wapi?

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mwanafunzi mmoja katika mahojiano yake ya kwanza. Alimwuliza mama mmoja mzee, kwa adabu zote, kwao ni wapi. Mama akajibu: «Ni hapa.» Mwanafunzi akarudia: «Lakini asili yenu, mama?» Mama akamtazama, kisha akatazama daftari, akauliza: «Unaandikia nani?» Mwanafunzi hakuwa na jibu, na kwa kweli hata mimi niliyemfundisha sikuwa nalo tayari. Tangu siku ile nimeona kwamba hilo ndilo swali ambalo mtafiti anapaswa kuwa amelijibu kabla ya kubisha hodi.

Je, tuache kabisa kuuliza asili? Wako wenzetu wasemao hivyo, nami siafikiani nao. Tukifuta asili katika daftari zetu, tutafuta pia kisa cha kufukuzwa, na waliofanya maovu yale watafurahi kwamba hakuna anayeandika. Ninachopendekeza ni kubadili mlango wa kuingilia. Tuulize safari: ulizaliwa nyumba gani, ukahamia wapi, nani alikupokea, kwa nini mliondoka. Mtu akisimulia njia yake mwenyewe, ataitaja asili pale atakapoona inafaa, kwa jina atakalolichagua. Na asipoitaja, ukimya huo nao ni habari. Tusiujaze kwa kukisia kutokana na jina lake la ukoo.

Hapa mwanaisimu ana la kumfundisha mtaalamu wa jamii. Mtu aliyezaliwa Likasi na kufukuzwa anaweza kusema kwamba alitoka kwetu akaenda kwetu. Mwandishi asiye makini atadhani ni kosa na «kulisahihisha», aweke Likasi upande mmoja na Kasai upande wa pili. Kumbe maana yote ya uhamaji huu imo katika neno hilo moja lililorudiwa. Vivyo hivyo, anayesema «balitufukuza» asiandikwe «walitufukuza» ili tu sentensi ipendeze machoni pa mwalimu. Tunukuu kama ilivyosemwa, tafsiri au usanifu ufuate baadaye, mbali na nukuu.

Kuhusu ridhaa, desturi iliyoenea tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, lililohusu utafiti wa tiba, ni kupata idhini ya mhojiwa baada ya kumweleza yote, na mara nyingi kwa karatasi yenye sahihi. Lakini karatasi yenye jina na sahihi, ikianguka mikononi mwa wabaya, ni orodha ya watu. Jirani zetu wa Rwanda walijua mwaka 1994 neno moja katika kitambulisho linavyoweza kuua. Ridhaa ya mdomo yafaa zaidi, ilimradi iombwe tena mahojiano yanapokwisha, maana mwanzoni mtu hajui bado atasema nini. Majina yakae katika daftari la pekee, mbali na kanda na maandishi. Aidha, mtafiti aseme wazi kwamba hakuleta msaada: penye njaa, mwenye kalamu hudhaniwa kuwa anaandikisha watu wa kupewa unga.

Linabaki jambo moja gumu, nalo ni la yule anayetaka jina lake liandikwe. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville kama waliokuwa watumishi wa nyumbani walivyoijua, na jina lake limo humo. Johannes Fabian aliitoa kitabuni mwaka 1990. Tungemficha Yav nyuma ya herufi mbili, tungemnyang'anya kazi yake. Mhojiwa akisisitiza, basi, jina liandikwe, lakini baada ya kurudi kwake siku nyingine na kumsomea alichosema. Na wale anaowataja yeye, jirani aliyemficha au shemeji aliyeichukua nyumba, hao hawakuulizwa na mtu, kwa hiyo majina yao hayana ruhusa ya kutoka.